Kabla ya kumvalisha nesi beji, pima chupa

Siku hizi kuna mitambo inayouziwa hospitali kubwa za Ulaya na Marekani: nesi anavaa beji, kihisi cha mlangoni kinaisoma anapoingia kwa mgonjwa, na chupa ya kitakasa mikono inatuma taarifa ikibonyezwa. Asipobonyeza, beji inamkumbusha. Wapo wanaotamani tuilete na huku Mbeya. Mimi sina ugomvi na teknolojia, ila naona tunaanzia pasipo.

Kwanza, beji inajua mlango tu. Shirika la Afya Duniani linataja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kuweka kanula (kibomba chembamba cha mshipani), baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Hospitali nyingi za wenzetu zina vyumba vya mgonjwa mmoja mmoja. Wodi zetu nyingi zina vitanda vimepangana safu mbili na mlango mmoja. Nesi akitoka kitanda cha tatu kwenda cha nne, kihisi cha mlangoni kitaona nini?

Pili, baridi. Aliyeuguza mtu Nyanda za Juu Kusini mwezi wa Julai anayajua maji ya bomba ya asubuhi. Kunawa kwa sabuni kunatakiwa kuchukue sekunde 40 hadi 60. Kwa maji yale? Mtu analowesha ncha za vidole, anakung'uta, anamalizia kwenye koti. Kitakasa chenye spiriti kinataka sekunde 20 hadi 30, na fomula ya shirika hilohilo ina gliserini ya kulinda ngozi isipasuke, jambo kubwa msimu wa kipupwe. Mikono yenye damu au uchafu unaoonekana bado ni ya maji na sabuni, hapo hakuna mkato.

Kwa hiyo fedha ya kwanza ningeipeleka kwenye chupa, iwe karibu na kila kitanda na isikauke. Kupima ni rahisi: kigezo kinachotumika ni angalau lita 20 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa, yaani mililita 20 kwa mgonjwa kwa siku, kama mibonyezo sita au saba. Wodi ya wagonjwa 30 itumie mililita 600 kwa siku. Ikitumia 100, hakuna haja ya kamera kujua kuna tatizo. Simu ya mkononi na daftari la stoo vinatosha kuanzia.

Baadaye ndiyo tuje kwenye vihisi. Kimoja kwenye chupa, kingine kwenye simtanki. Vijana wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Iyunga hawashindwi kuvitengeneza, tena vya betri, umeme ukikatika visizime. Takwimu zibandikwe wodini, kwa wodi nzima, bila majina. Siku zitakapoanza kuzaa barua za kujieleza, watu watabonyeza chupa hovyo ili hesabu itimie, na kitakasa kitaishia sakafuni.

Na ujumbe wa chupa kukauka usiishie kwa nesi. Uende kwenye simu ya mwenye ufunguo wa stoo, hata kama ni saa nane za usiku.