Waliochujwa Kwenye Kwaya

Watu wa nyumbani wakiniuliza shule za Uingereza zina nini cha ajabu, hutarajia nitaje kompyuta. Mimi huwatajia mchezo wa muziki wa Desemba. Shule nyingi za msingi huku huigiza kuzaliwa kwa Yesu, hata zile zenye watoto wengi wa Kiislamu, na shuleni kwa binti yangu hakuna anayeachwa darasani. Watoto wakizidi nafasi, mwalimu anaongeza kondoo. Binti yangu amekuwa nyota, akawa kondoo, mwaka mwingine akawa mlango wa nyumba ya wageni. Mlango! Na alivyoufanyia mazoezi, ungedhani kapewa ufalme.

Mimi nililelewa Umoja, mtaa wa Nairobi, na kwetu jukwaa lilikuwa la kuchujwa. Mwalimu wa kwaya alipita katikati ya mistari akitega sikio, kisha akagusa bega: wewe toka, na wewe. Waliobaki walianza safari ya mashindano, kutoka zoni hadi wilaya hadi mkoa (siku hizi ni kaunti ndogo, kaunti na kanda), wakiota kufika taifa na kuimba mbele ya Rais. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, lile la drama 1959. Yote mawili yameitangulia Jamhuri.

Na nyimbo zetu zilijaa mafunzo! Kataa dawa za kulevya, panda miti, kabila lisitutenganishe. Hata kulipa kodi kumewahi kuimbwa. Lakini mtoto husoma zaidi namna alivyotendewa kuliko beti alizokariri. Kwaya ikiimba umoja uwanjani huku waliotolewa wakipiga deki darasani, somo la siku hiyo wamelipata waliokuwa wakipiga deki. Tena uchujaji haukuishia kwenye sauti. Kulikuwa na hela ya basi na hela ya mavazi, na alto mzuri aliweza kubaki nyumbani kwa sababu mamake hakuuza vizuri sokoni wiki hiyo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa msidhani nimekuwa Mwingereza. Huku mchezo mara nyingi hununuliwa: shule inalipia leseni, inapata maneno na muziki uliorekodiwa, mwalimu anabonyeza kitufe. Nairobi mwalimu hutunga mwenyewe, au humwendea nyanya wa mwanafunzi amfundishe wimbo wa kwao. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya ambayo UNESCO iliiweka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, nimeiona ikichezwa na watoto wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, Wakamba kwa Wakikuyu, ambao hawajawahi kufika hata Nakuru. Hapo ndipo ukabila hupigwa vita, bila hotuba.

Halafu kwenye mashindano ya nyumbani kuna mwamuzi. Anasimama mbele ya ukumbi mzima na kusema: soprano mlipaa, besi hamkusikika, matamshi yalikatika ubeti wa pili. Mtoto wa miaka kumi anasikia, analia kidogo, anarudi mazoezini. Huku kila mtu anapigiwa makofi yaleyale, aliyejituma na aliyesahau maneno. Binti yangu akiniuliza kama aliimba vizuri, anajua tayari nitajibu nini, na jibu hilo halimfai kitu. Nawaonea huruma watoto wasiowahi kuambiwa ukweli na mtu asiye mzazi wao.

Ningekuwa na sauti katika kikao cha wazazi Nairobi, ningeomba hivi: kabla ya zoni, shule nzima iigize, kila mtoto na sehemu yake, kwenye uwanja uleule wa gwaride, kwa sare zilezile, bila kuchangisha hata shilingi. Mwamuzi aalikwe, aseme lake. Timu ya mashindano ichaguliwe baada ya hapo. Mtaala wa umilisi (CBC), ulioanza kote Kenya 2019, una mkondo mzima wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu, kwa hivyo ile hoja ya kwamba drama inawapotezea watoto muda imekwisha nguvu.

Mtaniambia mwalimu ana watoto themanini darasani na hana jioni ya ziada. Najua. Lakini mwalimu huyohuyo hukaa na kwaya ya mashindano hadi magharibi, muhula wa pili karibu wote. Siombi aongezewe kazi. Naomba wiki mbili kati ya hizo ziende kwa wale aliowagusa bega.