Baada ya Shakahola, serikali iingie kanisani?

Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Upande wa mashtaka unadai mchungaji Paul Mackenzie aliwahimiza wafuasi wake wafunge hadi kufa ili wakakutane na Yesu, yeye amekana. Wakenya wengi sasa wanataka wahubiri wadhibitiwe, na mchungaji asiye na cheti cha theolojia asipande madhabahuni.

Hoja yao ni nzito. Ibara ya 32 ya Katiba inalinda uhuru wa kuabudu, lakini mtoto aliyenyimwa chakula hakuchagua imani ile. Rwanda imeshaishika njia hiyo: sheria ya 2018 inamtaka kiongozi wa dini awe na elimu ya dini yake, na nyumba za ibada zilizofungwa huko ni maelfu.

Wanaopinga si matapeli wote, ingawa matapeli wamo. Kenya ilipotaka kuleta kanuni za namna hiyo mwaka 2016, viongozi wa dini walizikataa hadi Rais Uhuru Kenyatta akazirudisha nyuma. Historia iko upande wao. Wakoloni waliipiga marufuku Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde mwaka 1948, kwa kuwa ilitaka Wazungu waondoke. Serikali ya Kenya huru nayo ikaja kuipiga marufuku mwaka 1968. Juzi tu, Juni 2025, Tanzania ililifutia usajili kanisa la Askofu Josephat Gwajima baada ya yeye kukemea utekaji wa watu.

Mimi naelemea kwa hawa wa pili, japo sababu yangu ni nyingine. Kanisa la Mackenzie lilisajiliwa. Kundi la Joseph Kibwetere, ambalo mamia ya wafuasi wake waliteketea kanisani Kanungu, Uganda, Machi 2000, nalo lilisajiliwa. Na Mackenzie hakujificha: mwaka 2017 alishtakiwa, pamoja na mengine, kwa kuwazuilia watoto shule. Machi 2023, mwezi mmoja kabla ya makaburi kufichuka, alikamatwa kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Shilingi elfu kumi! Kumnyima mtoto shule au chakula ni kosa kwa sheria zilizokuwapo. Chifu na polisi hawakuhitaji kujua theolojia ili waulize watoto wako wapi.

Wenye kutaka udhibiti watajibu kwamba ndiyo maana chombo maalumu kinahitajika: afisa wa kawaida huogopa kumgusa mtu wa Mungu mwenye umati nyuma yake. Hapo wana haki. Tatizo ni watakaokaa kwenye chombo hicho. Wakiwa wateule wa serikali, mkosoaji wa mimbarini hana usalama. Wakiwa maaskofu wa makanisa makubwa, watakuwa wanaamua hatima ya vikanisa vidogo vinavyowapunguzia waumini kila Jumapili.