Kumsikiliza Mwenye Usonji: Uingereza na Kwetu

Mpwa wangu ana usonji (autism), hali ya maumbile inayoathiri namna mtu anavyowasiliana na anavyohisi sauti, mwanga na mguso, nami hapa Uingereza nafanya kazi ya kuwahudumia watu wazima wenye hali hiyo hiyo. Ninachokithamini zaidi huku si majengo wala dawa, bali juhudi ya kumwuliza mhusika mwenyewe kinachomsumbua kabla ya kuamua kwamba tabia yake ndiyo ugonjwa. Kabla ya miadi mtu anaweza kujaza karatasi inayoeleza kwamba taa kali humuumiza, asiguswe bila kuambiwa, na akinyamaza apewe muda wa kujibu.

Kutomsikiliza mhusika kumewahi kugharimu maisha. Mwaka 2016 Oliver McGowan, kijana wa miaka 18 mwenye usonji, alifariki Bristol baada ya kupewa dawa ya magonjwa ya akili ambayo yeye na wazazi wake walikuwa wameikataa. Mama yake alipigania mabadiliko, na sheria ya mwaka 2022 ikataka watoa huduma za afya England wafundishwe kuhusu usonji. Hata hivyo, foleni ya kuchunguzwa usonji England ina watu zaidi ya 200,000, na wengine husubiri wakiwa wapweke kabisa vyumbani mwao.

Kwetu Dar es Salaam mpwa wangu hajui upweke huo. Bibi yake, akijua kwamba hataki wali uliomwagiwa mchuzi, humpakulia kila kimoja kando bila kuuliza, na mwenye duka la mtaani humhudumia bila kumlazimisha aongee. Tena kwetu mtoto kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu, hivyo hasumbuliwi kutazama watu usoni, jambo ambalo huku limewachosha wengi tangu utotoni. Kinachomponza ni salamu: asipomwamkia mtu mzima husemwa hakufunzwa, na lawama humwangukia dada yangu. Kliniki nako majina huitwa kwa sauti kubwa mbele ya umati. Akiziba masikio hushikwa mikono kwa nguvu, kisha maelezo yote hutakwa kwa mama, ilhali yeye mwenyewe anajua kusoma na kuandika.

Kumpa kalamu, kumpangia asubuhi na mapema kabla watu hawajajaa, kumwacha azibe masikio yake: hayo hayahitaji bajeti ya Ulaya. Ningependa wanaowafundisha wauguzi wetu waanzie hapo, na wawaite wenye usonji wenyewe darasani wawe walimu, kama inavyofanyika sasa England.