Balbu Moja Imelegea, Mnatupa Waya Mzima

Sikukuu zikiisha huku ughaibuni, mapipa ya taka hufurika taa za kupambia, zimeviringishwa na tepu zake bado juu. Aliyelelewa karibu na fundi hawezi kuzipita bila kuumia, maana nyingi hazijafa.

Zile za balbu za zamani, si LED, zimeungwa kwa mfululizo: umeme hupita balbu moja kwenda nyingine, basi moja ikilegea safu nzima inazima. Balbu iliyoungua ina kiwaya ndani kinachotakiwa kuupitisha umeme ili wenzake waendelee kuwaka. Kwa hiyo safu ikizima kabisa, mshukiwa wa kwanza ni balbu iliyolegea au yenye miguu yenye kutu. Chomoa plagi. Baadhi ya plagi zina kijifuniko cha kutelezesha chenye fyuzi ndani, itazame kwanza. Kisha pitia balbu moja moja: ing'oe, nyoosha vile viwaya viwili vya chini, vikwangue kidogo, irudishe mpaka ikae. Ya kubadilishia iwe ya volti ileile. Na usiziache zilizoungua zikarundikana, maana zinazobaki hubebeshwa volti zaidi nazo huungua upesi. Waya ukiwa umepasuka ganda hadi shaba inaonekana, hapo tupa, usifunge tepu.

Najua kuna atakayesema: amevuka bahari, sasa anatufundisha kuokota. Sifundishi mtu kuokota. Ujuzi huu ni wetu. Nyumbani feni inarudi kwa fundi mara tatu na hakuna anayeona aibu, nami najivunia hilo mbele ya yeyote huku. Kinachonikera ni kwamba haohao wenye feni ya mara tatu wanaona haya kutundika mapambo ya mwaka jana, eti mgeni atayatambua. Akiyatambua, kwani kuna nini?

Rangi ya pambo iliyofifia inarudishwa. Tikisa kopo la rangi ya kupuliza dakika moja au mbili, lishike sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye pambo, pitisha tabaka jembamba, ngoja likauke, ongeza la pili. Wanaoharibu ni wale wanaotaka kumaliza kwa mkupuo mmoja: rangi inachuruzika na kuganda kama machozi ya mshumaa. Kuna kosa lingine baya zaidi, kupulizia mipira ya mapambo ya lile povu jeupe la kufungashia televisheni. Kiyeyushi cha rangi hulila, likabaki mashimo. Povu lipake rangi ya akriliki, ile ya maji, kwa brashi, na gundi ya moto iwe ya joto la chini, la sivyo nayo italiyeyusha.

Riboni iliyokunjamana ipige pasi ya moto mdogo juu yake ukiwa umetandika kitambaa cha pamba. Maua ya kitambaa yenye vumbi yatie kwenye mfuko pamoja na nusu kikombe cha chumvi ya mawe, tikisa, kisha kung'uta. Chumvi hutoka na vumbi.

Mipira ya kioo ya kutundika usiioshe. Maji huweza kubandua rangi ya nje, na yakipenyeza shingoni huharibu ule ung'aavu wa fedha uliopakwa ndani. Ifute kwa kitambaa laini kikavu. Kama kikofia cha shingoni cha kutundikia kinachomoka, vuta kile kipini chake, panua miguu yake kidogo kwa vidole, kirudishe taratibu, kitang'ang'ania.

"Mapya ni rahisi, kwa nini nijisumbue?" Mapya ya kioo hichohicho chembamba, yenye kikofia hichohicho kinacholegea? Mwakani utakuwa palepale. Heri kata kipande cha kadibodi, chonga mkato kila upande, uzungushie taa humo kabla ya kuzihifadhi. Nyaya nyingi huharibika zikivutwa kwa hasira kutoka kwenye fundo.