Kilo tatu zinazotuuza: baiskeli ya mashindano au ya kufurahia msitu?

Mtu akiingia duka la baiskeli Nairobi au Arusha na hela ya kutosha kununua baiskeli nzuri ya milimani, jambo la kwanza analofanya ni kuinyanyua. Anaishika fremu kwa mkono mmoja, anaipandisha mpaka magurudumu yaache sakafu, anaishusha, kisha anafanya vivyo hivyo na ya pili. Ile nyepesi inamchukua moyo papo hapo. Ile nzito inarudishwa ukutani bila kuulizwa uzito wake unafanya kazi gani.

Tofauti zenyewe wengi wanazijua, kwa hiyo nizitaje kwa haraka. Baiskeli ya mashindano ya nyika huwa na shokapu inayobonyea milimita 100 hadi 120, tairi zinazoteleza kwa wepesi, na kilo 10 au 11 hivi ikiwa ya kaboni. Mwendeshaji ameinama mbele, mgongo chini. Baiskeli ya njia za msituni ina shokapu ya milimita 130 hadi 150, tairi pana zenye meno makubwa, diski kubwa za breki, siti inayoshuka kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani, na uzito wa kilo 13 hadi 15. Bei zinaweza kulingana kabisa. Kinachotofautiana ni kazi.

Upande wa mashindano una hoja, na si hoja ndogo. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Tom Pidcock wa Uingereza alichukua dhahabu ya baiskeli za milimani kwa tofauti ya sekunde 20. Paris mwaka 2024 aliichukua tena, safari hii kwa sekunde 9, baada ya mbio za karibu saa moja na nusu. Mchukue mshindani anayepanda jumla ya mita 1,000 kwenye mbio za namna hiyo, miguu yake ikitoa wati 300. Mwongezee kilo tatu. Hesabu ya fizikia ya kawaida, ya kupandisha mzigo mlimani, inasema atachelewa kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Hapo medali imeshakwenda, na pengine hata nafasi ya kumi. Kwa mtu huyo kila gramu ina bei yake, na hakuna anayeweza kumlaumu kwa kupima mpaka skrubu za usukani.

Sasa ichukue hesabu hiyohiyo uipeleke kwa mtu wa Jumamosi, maana ndiye anayenunua nyingi za baiskeli hizi. Ana kilo 75 pamoja na maji na viatu. Miguu yake inatoa wati 200, ambazo kwa mtu mwenye kazi ya ofisini si haba. Anapanda kilima cha mita 300 kwenda juu. Akiwa na baiskeli ya kilo 10 atatumia karibu dakika 21. Akiwa na ya kilo 13, ongeza sekunde 45 hivi. Hizo ndizo kilo tatu zilizomfanya airudishe ile nyingine ukutani.

Hebu tuziangalie vizuri sekunde hizo 45. Akifika juu atafanya nini? Atasimama. Atavua kofia, atakunywa maji, atawasubiri wenzake wawili walioachwa kwenye kona, atapiga picha ya bonde. Dakika tano zimepita kabla hajakumbuka kutazama saa. Sekunde alizozinunua kwa fedha nyingi zimemezwa na mapumziko ambayo angeyachukua kwa vyovyote. Hakuna anayemfukuza, hakuna anayemsubiri kwenye utepe. Na zile kilo tatu hazikuwa za bure: ni shokapu ndefu, tairi nene ubavuni, diski pana, na siti inayoshuka. Vitu hivi vyote havionekani thamani yake wakati wa kupanda. Vinaanza kazi pale anapogeuza usukani kutazama chini.

Na chini ndiko maamuzi yanakofanyika. Chukua mteremko wa kawaida tu wa nyanda zetu za juu baada ya mvua ya usiku. Udongo mwekundu umelowa juu lakini mgumu chini, mizizi imevuka njia kwa mshazari, na baada ya mizizi kuna ngazi ya jiwe inayofika gotini. Kwenye baiskeli ya mashindano ya mtindo wa zamani kidogo, shingo ya fremu, yaani bomba fupi la mbele linalopitisha usukani, imesimama kwa nyuzi 69 au 70 kutoka usawa wa ardhi. Gurudumu la mbele liko karibu na miguu, siti iko juu inakusukuma kiunoni, na uzito wako wote umeshaegemea mbele. Gurudumu likidondoka kwenye ile ngazi, shokapu inabonyea hadi mwisho, pua ya baiskeli inazama, na wewe unaendelea na safari juu ya usukani. Wanaoanza wengi huliita hilo woga wao. Wanasema, mimi kuteremka siwezi. Kumbe wamepewa chombo kilichopangwa kwa mtu anayefanya mazoezi kila siku, tena mwenye kocha.

Kwenye baiskeli ya msituni shingo imelala hadi nyuzi 65 hivi. Gurudumu liko mbele zaidi, mbali na mwili. Unabonyeza kitufe, siti inazama, unachuchumaa juu ya pedali huku viwiko vimetanuka, na baiskeli inapata nafasi ya kucheza chini yako. Ngazi ileile ya jiwe inakuwa mdundo mmoja na sauti ya shokapu ikivuta pumzi. Utashuka, utageuka uitazame, na aghalabu utataka kurudi kuishuka tena. Kwa mtu asiyeshindana, hamu hiyo ya kurudi ndiyo kipimo pekee chenye maana, na ndiyo inayoamua kama baiskeli itatumika miaka mitano au itaning'inia kwenye veranda.

Kuna jambo jingine ambalo Paris 2024 ilituonyesha. Pidcock alipata pancha katikati ya mbio. Aliingia eneo la mafundi, wakambadilishia gurudumu, akatoka akiwa amepoteza zaidi ya nusu dakika, kisha akawafukuza wenzake mpaka akashinda. Watu walisifu mapafu yake, na ni haki yake. Mimi nilitazama maana ya wale mafundi. Tairi jepesi lenye ubavu mwembamba ni uamuzi wa busara ukiwa na watu wanaokusubiri na gurudumu mkononi. Katikati ya msitu, kilomita nane kutoka lami, jua likielekea kuzama, unayo pampu yako na vidole vyako. Baiskeli ya mashindano inahesabu kwamba nyuma yake kuna timu. Ukiinunua bila timu umenunua nusu yake.

Mchezo wenyewe haukuanza kwa wepesi. Vijana wa Marin, California, walioshindana kuteremka njia ya Repack kuanzia mwaka 1976, walitumia fremu za zamani za chuma, nzito kwelikweli, kwa sababu ndizo zilizostahimili kipigo. Mizani ilikuja baadaye.

Hata hivyo wapo ambao ningewashauri baiskeli ya mashindano bila kusita. Anayeishi Laikipia au Naivasha na ambaye safari yake ni kilomita 60 za murram iliyoshindiliwa, hana ngazi za mawe wala mizizi. Tairi zenye meno makubwa zitamnyonya nguvu saa zote tatu, na hapo tairi humchosha kuliko hata kilo za fremu. Anayejiandaa kwa mashindano kama 10to4 ya Mlima Kenya kwa nia ya kupanda jukwaani naye aachwe na mizani yake. Na kijana mwenye ndoto kubwa anayo njia iliyokwisha pitiwa: Adrien Niyonshuti wa Rwanda aliingia mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 na akazimaliza. Kwa mtu kama huyo baiskeli ni kazi, na jembe la kazi huchaguliwa kwa kazi.

Upande huo una hoja nyingine inayoniuma zaidi, kwa sababu ni ya kwetu hasa. Shokapu ya nyuma inahitaji matunzo: sili, mafuta, na beringi za maungio ya fremu. Matope na vumbi letu vinazila haraka, na mafundi wenye vifaa vya kuifungua ni wachache hata mijini. Baiskeli nyingi za mashindano zenye shokapu mbele tu zinamwepusha mtu na gharama hiyo. Ni kweli kabisa. Lakini jibu lake si lazima liwe baiskeli ya mashindano. Zipo baiskeli za msituni zenye shokapu mbele tu, milimita 120 hadi 140, shingo iliyolala, tairi pana na siti inayoshuka. Fundi wa kawaida anaimudu, na yenyewe inaumudu mteremko. Mwenye bajeti ya wastani aanzie hapo.

Asichopaswa kufanya ni kukimbilia mtumba wa magurudumu ya inchi 26 wenye springi mbili eti kwa sababu una shokapu nyuma. Nyingi kati ya hizo zina springi tupu isiyo na mafuta ya kuituliza. Ukikanyaga inayumba, ukiteremka inakurusha. Bonyeza siti kwa nguvu kisha uachie. Ikirudi kwa kishindo, iache dukani.

Ukitaka kujua upepo unavuma wapi, tazama wanaoshindana wenyewe. Zamani milimita 100 na siti isiyosogea zilikuwa ndiyo kanuni. Leo wengi kwenye Kombe la Dunia la baiskeli za milimani wana milimita 120, shingo zimelala zaidi, na siti zinazoshuka zimekuwa jambo la kawaida, ingawa kila moja inaongeza gramu mia kadhaa. Watu wanaolipwa kuhesabu sekunde wameona kwamba mteremko nao una sekunde zake.

Kwa hiyo anayesitasita, mwenye hofu kwamba mwakani huenda akataka kushindana, anunue ya msituni. Siku hiyo ikifika atatoa tairi zake za zaidi ya kilo moja kila moja, avalishe za gramu 700, ajaze upepo zaidi kidogo, na atasimama kwenye mstari na wenzake bila aibu. Mwenye baiskeli ya mashindano anayetaka kuingia msituni hana njia rahisi hivyo. Pembe ya shingo imechomelewa au imemiminwa kiwandani, na kila fremu ina kikomo cha urefu wa shokapu inayoweza kubeba. Ukizidisha, nguvu yote ya pigo inaishia shingoni, na hapo ndipo fremu hukatika.