Uwanja wa Olmoti Unapendeza, Ila Tutarudije Nyumbani?

Wikiendi hii nilikwenda mpirani hapa Ujerumani. Mechi ikaisha, mvua inanyesha, maelfu ya watu tumetoka kwa mkupuo, na nikajikuta ndani ya treni kabla sijamaliza kulalamikia penalti tuliyonyimwa. Nauli sikulipa. Kwa klabu nyingi huku tiketi ya mechi ndiyo tiketi ya usafiri: klabu inaelewana na watu wa mabasi na treni, hela inaingizwa kwenye kiingilio, na shabiki anaacha gari nyumbani. Si hisani, ni hesabu. Nilipaswa kufurahi, badala yake nikanuna njia nzima. Nilikuwa nawaza Olmoti, uwanja wetu mpya wa Arusha.

Najua mtakachosema. "Huyu kapanda ndege juzi, leo anatufundisha." Haya, semeni, nimeshazoea. Mimi ni mtoto wa Arusha, na huo uwanja wa AFCON 2027 naufuatilia kana kwamba nondo nimenunua mimi. Viti 30,000! Kila video ya droni ikitoka natumiwa na binamu zangu watatu kwa mpigo, na zote naangalia mpaka mwisho. Najidai nao kazini, nawaonyesha Wajerumani simu wakati wa chakula bila kuombwa.

Ila droni hazionyeshi jambo moja: saa nne na nusu usiku, filimbi ya mwisho imelia.

Uwanja wetu wa zamani, Sheikh Amri Abeid, tumeusema sana, na ulistahili kusemwa. Lakini uko mjini, ubavuni mwa stendi. Mpira ukiisha unatembea hatua chache, umefika kwenye Hiace. Olmoti ni pembezoni. Chukueni Coaster ya abiria 30, igawanyeni kwenye watu 30,000: safari elfu moja, na hapo hakuna aliyening'inia. Wa Ngaramtoni, wa Usa River, wa Kisongo, wote wanataka kuondoka dakika hiyo hiyo. Bodaboda wataitaja bei wanayoitaka, na siwalaumu, ningekuwa mimi ningeitaja pia. Mama mwenye watoto wawili je? Msiniambie kuna lami. Lami nimeisikia. Naulizia gari.

Kuna mmoja lazima ataniuliza, "Kwani kwa Mkapa, kule Dar, tunarudije?" Kaka, unajua unavyorudi! Unatembea mpaka Uhasibu, unagombania mlango, unaingilia dirishani, simu yako unaikuta kesho kwa fundi wa Kariakoo. Uwanja ule tuna haki ya kujivunia, viti 60,000 tangu 2007, na nusu ya Afrika hawana wa kufanana nao. Lakini Mei 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger, mtu alipoteza maisha kwenye msongamano wa kuingia. Kuingia tu, bado hatujafika kwenye kutoka. Halafu Mei 2025 Simba wanacheza fainali ya kombe hilo hilo na RS Berkane, mechi ya marudiano inahamishiwa Amaan, Zanzibar, kwa sababu eneo la kuchezea la Mkapa halikuwa na hali nzuri. Fainali ya Afrika! Na barabara ya mwendokasi ya Mbagala, inayopita jirani hapo hapo, iliwahi kukamilika ikakaa ikiyasubiri mabasi.

Ndiyo maana nashindwa kunyamaza. Kujenga tunajua. Utepe ukishakatwa ndipo tunapoanza kutazamana.

"Unawasifia wazungu." Siwasifii. Treni za huku zinachelewa mpaka unajuta, na kwenye Euro 2024 mashabiki wa England walikwama Gelsenkirchen usiku, aibu tupu, wakati kila tiketi ya mashindano yale ilikuwa na usafiri wa bure wa saa 36. Na kelele? Huku wanaimba wakiongozwa na jamaa mwenye kipaza sauti. Jukwaa la mzunguko pale kwa Mkapa, siku ya dabi, nani anahitaji kuongozwa? Nimekaa kwenye viti vya huku mara nyingi nikitamani vuvuzela moja tu la jirani asiyejua hata kulipuliza. Lakini Gelsenkirchen kulikuwa na mpango ulioharibika. Sisi naomba nionyeshwe huo mpango kwanza, ndipo tuubishanie.

Na msinirushie neno bajeti. Sijaomba treni ya chini ya ardhi. Nimesema nauli iingizwe kwenye kiingilio, wenye Hiace na Coaster waitwe mezani sasa hivi, wasiitwe wiki ya ufunguzi, LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, iwape vibali vya usiku, na walipwe kwa safari ili wasiwe na sababu ya kugombania abiria. Madereva wa Arusha wanazijua barabara zile kuliko mshauri yeyote atakayeletwa na kompyuta yake. Hata ikibidi wafanye mazoezi, ipangwe mechi ya ligi usiku, uwanja ujazwe, tuone unachukua muda gani kuwa mtupu.

Na wewe unayeniandikia "rudi basi ujenge nchi": nakuja 2027, sitaki VIP, nitakaa mzunguko na jezi yangu ya Taifa Stars. Umekuwa mwepisi wa kujibu, basi nijibu na hili: hiyo Hiace ya Ngaramtoni, saa tano usiku, naipandia wapi?