"Tuma hela kwanza" imetuchosha watu wa mikoani

Jumamosi iliyopita niliamka saa kumi alfajiri kuwahi stendi ya Nyegezi, hapa Mwanza. Mdogo wangu alikuwa anasubiri laptop yake ya chuo, imenunuliwa kwenye ukurasa wa duka moja la Dar ambalo chini ya kila picha huandika "mikoani tunatuma kwa uaminifu". Laki nne na themanini, tulishaituma siku nne kabla. Ile hela mama aliichanga kwa dagaa anaouza Mwaloni, Kirumba, na anayeijua kazi ya Mwaloni anajua laki nne inachukua muda gani kukusanyika.

Karani wa vifurushi akatupa boksi limezungushiwa selotepu ya kahawia. Tukalifungulia palepale kwenye benchi. Juu ya mashine kuna stika ya Core i5, mpya kabisa, haina hata mkwaruzo. Nikaigeuza: skurubu mbili hazipo, na zilizobaki vichwa vimeliwa na bisibisi. Tukaiwasha, tukafungua sehemu ya taarifa za mashine, ikajitaja yenyewe. Celeron, prosesa dhaifu na ya bei ya chini kuliko Core i5.

Nikampigia muuzaji. Akapokea mara moja, akasema bidhaa ikishatoka dukani hairudishwi, akakata. Nilipopiga tena alikuwa ameshaifungia namba yangu. Mdogo wangu alikaa tu kalikumbatia boksi. Karani akatutazama, akasema taratibu, "Dada, nyie ni wa tatu wiki hii."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria lile duka la mtandaoni, Jumia. Wengi mnaikumbuka kwa matangazo yake ya Black Friday. Ilianzia Lagos mwaka 2012, ikibebwa na hela za kampuni ya Rocket Internet ya Ujerumani, na bidhaa zilizoipa jina ni zilezile tunazozihangaikia hadi leo: simu, laptop, runinga. Ikaenea nchi baada ya nchi, ikafika na kwetu. Aprili 2019 hisa zake zikaingia soko la New York kwa dola 14.50 kila moja, na magazeti ya nje yakaandika kwamba Afrika sasa ina duka lake kubwa la mtandaoni. Novemba mwaka uleule ikafunga Tanzania. Ni miezi saba tu. Cameroon nayo ikafungwa mwezi huohuo, na mwaka 2024 ikawa zamu ya Afrika Kusini na Tunisia.

Waliochambua kuondoka kwake walizungumzia hasara, na kweli hasara ilikuwepo, mwaka hadi mwaka. Walizungumzia pia nyumba zetu kukosa anwani. Hilo la anwani lilishapata dawa, maana baada ya ile operesheni ya 2022 hadi kwetu Igoma kuna kibao cha namba mlangoni. Jambo ambalo sikuliona likijadiliwa ndilo linaloniuma mimi: Jumia iliwazoesha Waafrika kulipa mzigo ukiwa mkononi. Ilielewa kwamba sisi si waoga wa teknolojia. Tunatumia M-Pesa tangu 2008, na bibi yangu kule Ukerewe anapokea hela kwa simu na kuzitoa kwa wakala bila kusaidiwa na mtu. Hatuogopi kutuma hela. Tunaogopa kuituma kwa mtu tusiyemuona, kwa kitu tusichokigusa, halafu tukaambiwa tusubiri.

Kwa mtu wa Dar "tuma hela kwanza" ni usumbufu mdogo. Akitilia shaka anapanda daladala hadi Kariakoo, anashika bidhaa, anabishana bei uso kwa uso. Mimi kati yangu na hilo duka kuna zaidi ya kilomita 1,100. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu feki, tulifundishwa kubonyeza *#06# na kutuma namba ya simu inayotokea kwenda 15090 kujua kama ni halali, kabla ya kununua, na lilikuwa fundisho zuri. Lakini utabonyezaje simu iliyo ndani ya basi, usiku, mahali fulani kati ya Singida na Shinyanga, na hela yake ilishaondoka juzi? Hekima yote ya mnunuzi inataka kitu kiwe mbele yake. Ukimnyima hiyo, umembakizia dua.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wauzaji nao wanaumizwa. Mtu anaagiza, mzigo unafika, anasema hela hana au anazima simu, na nauli ya kwenda na kurudi inamwangukia mwenye duka. Najua pia wapo waaminifu, nimenunua kwao. Ila tusiugeuze ukorofi wa wateja wachache kuwa sababu ya hatari yote kubebwa na mtu mmoja, yule aliye mbali zaidi na mwenye kipato kidogo zaidi.

Ninachotaka ni kimoja: hela ikae katikati. Makampuni ya mabasi yana ofisi za vifurushi kila mkoa, yana makarani, yana meza, na pale Nyegezi kuna hadi soketi ukutani. Mteja alipe nauli ya mzigo mapema ili muuzaji asipate hasara, mzigo ufike, mteja aufungue mbele ya karani, auwashe, akiridhika alipe palepale na karani aitume hela Dar kwa simu. Wachukue kamisheni yao, nitailipa kwa moyo mweupe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ina sehemu nzima ya kumlinda mlaji, na Tume ya Ushindani ipo, lakini duka lisilo na mlango utalipelekea wapi barua ya malalamiko? Meza ya stendi ningeifikia kwa miguu.

Jumatatu tuliipeleka ile mashine kwa fundi mjini, mtaa wa Rwagasore. Akatuwekea skurubu mbili bila kutudai, akaitazama stika, akaing'oa kwa ukucha. Dukani kwake kulikuwa na Core i5 ya kweli, imewashwa, na alimwacha mdogo wangu aichapie mpaka alipotosheka. Laki tano na arobaini. Elfu sitini tu juu ya ile tuliyoituma Dar.

Jana mdogo wangu ameondoka kwenda chuo na ile Celeron. Mama bado hajui.